Ofisi, kamati au wanafunzi wenza: nani aongoze ujumuishi katika kampasi ya pwani?

Barua yenyewe huwa fupi. Umeteuliwa kuongoza masuala ya utofauti na ujumuishi (yaani asiachwe mtu nje kwa dini, jinsia, kabila au ulemavu wake) katika kampasi, "pamoja na majukumu yako ya kawaida", na unatakiwa kuleta pendekezo la muundo kwenye kikao kijacho cha wakuu. Neno "pamoja" hapo ndilo lenye uzito, kwa maana vipindi vyako havipunguzwi hata kimoja.

Baada ya hapo watu hukwama palepale. Tuombe ofisi yenye mkurugenzi? Tuunde kamati yenye mjumbe kutoka kila idara? Au tuwape wanafunzi mafunzo kidogo na tuwaachie washikane mikono wenyewe? Wahadhiri wa kampasi ndogo, Lamu na Malindi, huniuliza hivyo mara kwa mara. Nimekaa katika hizo mbili za kwanza na kuilea ya tatu, kwa hiyo nitazieleza nilivyoziona zikifanya kazi na nilivyoziona zikishindwa.

Kabla ya hapo, tuondoe neno hisani mezani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na inataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Kifungu cha 54 kinataka watu wenye ulemavu wafikie angalau asilimia 5 katika vyombo hivyo, hatua kwa hatua. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kuingia katika taasisi wala kufaidi haki yake kwa sababu ya dini, na cha 56 kinawataja walio wachache na waliotengwa. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaongeza kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Kazi hii, basi, ni ya lazima. Kilichobaki ni kuchagua mikono ya kuifanya.

Vya kupimia

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. Mamlaka: nani anatia sahihi ili kitu kibadilike? Fedha: zinatoka wapi na zinaishia wapi? Imani: mwanafunzi atakuja kweli, au atapita mlangoni akitazama pembeni? Kudumu: wewe ukihamishwa, kitabaki nini?

Na ili tusizungumze hewani, kila njia nitaiwekea visa vitatu vilevile. Nimevichanganya ili asijulikane mtu.

Cha kwanza ni kijana wa Faza anayetembea kwa magongo. Maji yakijaa, anatoka botini na kukanyaga jeti kwa hatua mbili. Yakikupwa, hasa siku za bamvua ambapo maji hushuka kuliko kawaida, anatazamana na ngazi nzima iliyoota mwani. Akishapanda na kupita vichochoro, darasa lake liko ghorofani.

Cha pili ni mtihani uliopangwa siku ambayo huenda ikawa Iddi, na mwezi haujaandama. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo ratiba iliyokaa vizuri mwaka jana haitakaa vizuri mwaka huu. Katika kisa hichohicho waweke Waadventista watatu ambao Jumamosi kwao ni Sabato. Katika mji wa misikiti mingi kama Lamu, hao ndio huwa wa kwanza kusahauliwa, nasi Waislamu tuliozoea kulalamika kusahauliwa kwingineko tunapaswa kuliona hilo mapema kuliko mtu yeyote.

Cha tatu ni binti anayesumbuliwa na mhadhiri wake.

Ofisi yenye mkurugenzi

Mamlaka. Hapa ofisi haina mpinzani. Mkurugenzi huketi na wakuu, na akisema darasa la kijana wa magongo lishuke chini, linashuka wiki hiyohiyo. Ripoti za jinsia na ulemavu ambazo vyuo vya umma hudaiwa katika kandarasi za utendakazi hupata mwenyewe. Jeti si ya chuo, hata yeye hawezi kuiamuru. Hata hivyo barua ya mkurugenzi kwenda serikali ya kaunti husomwa, ilhali barua ya mwanafunzi hupigwa muhuri wa kupokelewa na kulala.

Kwa binti wa kisa cha tatu, ofisi ndiyo yenye meno. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamtazama kwa ukali zaidi mtu anayetumia nafasi yake ya mamlaka katika taasisi ya elimu. Jambo la namna hiyo linataka mtu anayejua utaratibu wa ushahidi na nidhamu, anayeweza kumwondoa mhadhiri kwenye usahihishaji wa karatasi za huyo binti siku hiyohiyo, na asiyekula naye chakula cha mchana.

Kwenye mtihani wa Iddi, ofisi hutoa waraka. Waraka ni mzuri ukifika. Mimi niliwahi kupokea waraka wa kuahirisha mtihani siku mbili baada ya mtihani, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa kampasi kuu, mbali huko, na mwezi wetu uliandama bila kumsubiri.

Fedha. Ofisi ina kasma yake, na hiyo ndiyo raha yake na ugonjwa wake. Kampasi yenye wanafunzi mia chache ikianzisha ofisi, mshahara wa mkurugenzi na wa katibu wake unaweza kumeza kasma yote, zikabaki za warsha moja kwenye hoteli na fulana. Fulana zile huwa nzuri, sikatai. Lakini bei yake ingetosha kuweka vyuma vya kushikia kwenye ngazi mbili.

Imani. Chukua mlango wenye kibao kinachotaja jinsia au ulemavu, uweke kwenye ukumbi ambao kila mtu anaupita. Binti akiingia saa nne, saa sita shangazi yake wa mtaa wa Langoni ana habari. Miji yetu ni midogo, na habari hupita vichochoroni haraka kuliko punda. Ofisi iliyofaulu niliyoiona ilikuwa imejificha kwa makusudi. Ilikuwa ndani ya maktaba, mlango uleule wa kuazimia vitabu, kwa hiyo kuingia kwako hakukuwa na tafsiri.

Kudumu. Ofisi huonekana imara kwa kuwa ina meza. Marekani imetufundisha vingine. Katika jimbo la Texas, sheria moja iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2024 ilivilazimisha vyuo vikuu vya umma kufunga ofisi zao za utofauti na ujumuishi, ofisi ambazo baadhi zilikuwa na wafanyakazi kadhaa na bajeti nono. Sisemi hayo yatatokea hapa. Katiba yetu inasema mengine kabisa. Ila kitu kilichokusanywa chumba kimoja hufungwa kwa kufuli moja, na kwetu kufuli hilo huwa ni bajeti tu kupunguzwa.

Inamfaa nani? Chuo kikubwa, au kampasi ndogo ambayo kampasi kuu imekubali kuipa ofisa anayekaa papo hapo. Inafaa pia pale ambapo kuna kesi nzito zilizofunikwa na mtu wa kuzifunua anahitaji cheo cha kumkinga.

Kamati ya idara

Mamlaka. Kwenye karatasi kamati haina mamlaka: inapendekeza tu. Lakini mjumbe wake mmoja ndiye anayepanga ratiba, mwingine ndiye mkuu wa maabara, mwingine huketi kwenye mahojiano ya kuajiri. Mambo mengi yanayomwumiza mwanafunzi hayaamuliwi na naibu chansela. Huamuliwa na mtu wa ratiba, Alhamisi jioni, akiwa na haraka ya kuvuka. Mtihani wa Iddi niliuona ukitatuliwa hivi: mpanga ratiba aliacha siku mbili tupu pande zote za tarehe iliyotarajiwa, akazijaza masomo ambayo mtihani wake ni wa vitendo na unaweza kusogezwa. Hakuna waraka ulioandikwa. Wale Waadventista nao wakapata siku yao, kwa sababu mjumbe wa idara yao alikuwa mezani na akawataja.

Kijana wa magongo vilevile. Darasa kushuka chini ni kubadilishana vyumba baina ya idara mbili, na idara zote mbili zimo kamatini. Kitu kilichotushinda ni safari ya mafunzo kwa mashua, ambapo mhadhiri mmoja mwema kabisa alimwambia, "Wewe mwanangu pumzika, nitakupa alama." Alidhani anamsaidia. Ilituchukua vikao viwili kumwonyesha kwamba kumpa mtu alama ya safari asiyokwenda ni kumtoa darasani kwa upole.

Njia hii imejaribiwa kwingine kwa miaka mingi. Uingereza kuna mpango uitwao Athena SWAN, ulioanza 2005, ambao idara huunda timu ya kujichunguza, hukusanya takwimu zake za wanawake na wanaume, kisha huomba tuzo ya shaba, fedha au dhahabu. Umezilazimisha idara kujitazama kwenye kioo. Lawama yake kubwa pia inajulikana: kazi ya kujaza zile fomu huwaangukia wanawake walewale ambao mpango ulikuja kuwapunguzia mzigo. Hapa kwetu nimeyaona hayo bila fomu yoyote. Katika kamati ya watu tisa, kumbukumbu za kikao huandikwa na mwanamke, na chai huulizwa mwanamke.

Fedha. Karibu hakuna. Chai, mahamri, karatasi. Chochote kinachohitaji saruji kitasubiri bajeti ya mwaka ujao, na mwaka ujao kitasubiri tena.

Imani. Hapa niwe mkweli hata kama ninajiumiza. Katika kampasi moja niliyofanyia kazi, malalamiko ya binti yaliletwa mbele ya kamati, na mlalamikiwa alikuwa rafiki wa wajumbe watatu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mmoja alisema tusikimbilie, mwingine akasema tumwite mzee azungumze nao kindani, mimi nikanyamaza nikidhani nitazungumza kikao kinachofuata. Kikao kinachofuata hakikuwa na akidi. Binti alimaliza muhula akiwa nyumbani. Tangu siku hiyo siamini kwamba kamati ya wenzao inaweza kusikiliza kisa cha tatu, na nikiulizwa huwa sibembelezi: kiondoeni kwenye majukumu yake tangu siku ya kwanza, muandike kitakwenda kwa nani nje ya kampasi.

Kudumu. Watu hudhani kamati hufa haraka. Hufa, ndiyo, mwenyekiti akichoka. Lakini inachokibadilisha hubaki, kwa kuwa kimeingia kwenye ratiba na kwenye fomu ya usajili, na hakuna anayekumbuka kwamba zamani kilikuwa vingine.

Inamfaa kampasi ambayo tatizo lake ni mazoea, haina adui wa wazi, na ina angalau mtu mmoja wa ratiba mwenye moyo. Bila huyo wa ratiba, msijisumbue.

Wanafunzi wenza

Hii watu huidharau kwa sababu ni rahisi. Mnachagua wanafunzi kumi au kumi na mbili, mnawafunza, mnawapa simu yenye salio na chumba cha kukutania, na wanawapokea wenzao. Huanzia na maswali madogo. Huishia mahali pengine kabisa.

Imani. Nianze na hii maana ndiyo sababu ya kuichagua. Lamu si ya watu wa aina moja. Kuna Waamu, Wabajuni wa visiwa vya kaskazini, Waorma, Wasanye, Wagiriama, familia za Mpeketoni zilizokuja na mpango wa makazi wa miaka ya 1970, na Waboni, wenyewe hujiita Aweer, wa Basuba, Milimani, Mangai na vijiji vya jirani, ambako shule zimewahi kufungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya usalama. Darasa likikaa, mgeni haoni kitu. Mwenyeji anaona nani amekaa wapi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kuna mambo ambayo vijana wa pande mbili hawakuyasema kwa miaka, na hakuna mkurugenzi atakayewasemesha kwa slaidi. Niliwaona wakianza kusemeshana walipopewa kazi moja ya kuwapokea wanafunzi wapya jetini, kwa sababu mzigo wa mtu hauulizi umetoka upande gani.

Kijana mmoja wa Kiboni alikosa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kuwa hakuwa na kitambulisho cha taifa, na hakumwambia mtu. Alisema anangoja tu. Mwenza wake, msichana wa Kizingitini ambaye familia yake inaujua uhakiki wa vitambulisho kwa uchungu, alielewa "ninangoja" ile inamaanisha nini na akamsindikiza kwa chifu. Malindi wana hadithi zinazofanana: Wapemba wa mwambao wa Kilifi walitambuliwa kuwa raia 2023 tu, baada ya vizazi vya kuvua samaki hapahapa bila karatasi. Ofisi ingemuuliza kijana huyo nambari ya kitambulisho ili imfungulie faili.

Mamlaka. Sifuri. Kijana wa magongo watambeba mkoba na watamshika mkono ngazini maji yakikupwa, kwa mapenzi kabisa, na ngazi itabaki vilevile. Hili ni la kuogopwa. Wema wa wenza unaweza kuwapa wakuu kisingizio cha kutojenga, kwa kuwa kila wakitazama wanaona kijana amefika darasani.

Mtihani wa Iddi wao wataupigia kelele mapema, wiki tatu kabla, jambo ambalo si dogo. Kisa cha tatu wasikishike. Kazi yao iishie kumsindikiza binti hadi kwa mtu mwenye mamlaka na kunyamaza. Mwanafunzi wa miaka ishirini asiachiwe siri ya namna hiyo alale nayo.

Fedha. Kidogo sana, lakini hicho kidogo kitolewe. Usiwaambie ni kujitolea huku unawatuma kila Jumatatu. Mara nyingi wanaojitokeza ni walewale waliowahi kuachwa nje, na unawaongezea kazi isiyo na malipo juu ya masomo. Wape posho, au nafuu kidogo ya karo, au angalau barua inayotambua saa zao.

Kudumu. Miaka minne na wameondoka. Pia siasa: uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukikaribia, kikundi chochote chenye fulana na orodha ya simu hugeuzwa mtaji. Wachaguliwe nje ya msimu huo.

Inawafaa kampasi changa, kampasi zenye makundi yasiyozungumza, na mahali ambapo wanafunzi hawajaonekana kulalamika kabisa. Kimya cha wanafunzi ndicho dalili mbaya kuliko zote, ingawa kwenye ripoti husomeka kama amani.

Neno moja la pembeni. Watu huchanganya haya yote na sera za udahili. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kwa mfano, mwaka 1990 kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 walipoomba kujiunga. Sera hiyo inahusu kuingia. Hapa nazungumzia walioshaingia, wanakaa wapi na wanakula na nani.

Kwa hali yako

Kama kuna kesi ya unyanyasaji inayojulikana na kila mtu isipokuwa faili, omba ofisi, hata ya mtu mmoja, na aripoti kwa kampasi kuu, asiripoti kwa mkuu wa kampasi yenu. Mengine yatangoja.

Kama shida ni ratiba, vyumba, safari za mafunzo na chakula cha Ramadhani, chukua kamati. Iwe ndogo, watu watano wanaogusa mambo hayo kwa mikono yao. Wakuu wa idara wanaotuma wengine wawawakilishe, waache.

Kama hujui shida ni nini, na wanafunzi wakikuona wanasema "salama, mwalimu" na kupita, anza na wenza muhula mmoja. Andika wanachokuletea. Muhula ukiisha utajua kama unahitaji mtia sahihi au mpanga ratiba.

Wengine huuliza, je, zote tatu kwa pamoja? Inawezekana kwenye chuo chenye watu wa kutosha. Kwenye kampasi yenye wahadhiri ishirini, watu walewale watano watakaa kwenye zote tatu, na kijana wa magongo ataulizwa habari zake mara tatu kwa wiki na watu walewale wakiwa na daftari tofauti. Kuoanisha mbili kunatosha. Mimi hupenda kamati iliyo na wenza wawili wenye haki ya kupiga kura, huku kesi za unyanyasaji zikiwa na njia yake iliyoandikwa nje ya kamati. Lakini hayo ni mapenzi yangu, na kampasi yangu haikuwa na fedha za kupenda vingine.

Na kama kikao ni Jumatatu na bado hujaamua, tazama majedwali ya maji. Nenda jetini saa ya kupwa siku ya bamvua, asubuhi wanafunzi wanapovuka, ukae hapo hadi boti ya tatu. Nenda na mpanga ratiba, umnunulie kahawa na haluwa ili asikimbie.